UZI: Hakathoni za mtandaoni za kupunguza hewa ukaa. Pima chungu kwanza, msimbo baadaye

#1 Mpimaji (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila likitoka tangazo la hakathoni ya mtandaoni ya mambo ya tabianchi, kwenye magrupu yetu swali la kwanza huwa "tutengeneze app gani?" Uzi huu ni kwa vijana wanaotaka kushiriki kutoka huku kwetu. Lipo swali linalotakiwa kutangulia hilo: utapunguza hewa ukaa kiasi gani, na umejuaje? Nimeshiriki mashindano haya nikiwa na timu ya watu wa Dar, Morogoro na Nairobi. Nimewahi pia kusaidia kusoma maombi ya timu nyingine, na nimeona kazi safi za msimbo zikiwekwa pembeni kwa sababu hesabu yote ya kaboni ilikuwa sentensi moja ya matumaini.

Kwa ambao hawajawahi: waandaaji wanatoa tatizo, mnajiunga kama timu, mnapewa saa 48 au wiki kadhaa, mnawasiliana kwa Discord au Slack, kisha mnawasilisha video fupi, msimbo ulio wazi GitHub na maelezo ya mradi. Majaji wanaangalia kama kitu kinafanya kazi, kina mtumiaji wa kweli, na kinapunguza hewa ukaa kwa namna inayoweza kukaguliwa. Hicho cha mwisho ndicho wengi wetu tunakipita mbio.

Mfano mzuri ni Carbon Hack ya Green Software Foundation. Ile ya 2022 watu walijenga juu ya zana inayoielekeza kompyuta kufanya kazi nzito saa ambazo umeme wa gridi ni msafi zaidi. Ile ya 2024, Machi hadi Aprili, ilihusu zana ya kukokotoa hewa ukaa inayosababishwa na programu yenyewe. Nyuma yake kuna kanuni fupi ambayo sasa ni kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 21031:2024. Unachukua umeme uliotumika, unauzidisha kwa hewa ukaa ya kila uniti ya gridi, unaongeza hewa ukaa iliyotoka wakati vifaa vinatengenezwa, kisha unagawanya kwa kipimo cha huduma: kwa kila mtumiaji, kwa kila muamala, utakavyochagua.

Hapo kwenye kugawanya pana utajiri mkubwa. Ukijilazimisha kusema "kwa kila nini?" mradi wako unashuka kutoka mawinguni. Kwa jikoni kwetu jibu linaweza kuwa: kwa kila sufuria moja ya maharage yaliyoiva. Naendelea hapo chini.

#2 Mpimaji

Kwa nini jiko? Kwa sababu ndipo tunapolijua tatizo kuliko timu yoyote ya Berlin au San Francisco. Serikali ya Tanzania ilizindua Mei 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilikwisha kuagizwa kuachana na kuni na mkaa kabla ya hapo. Kwa hiyo uhitaji upo, na mtumiaji yupo ndani ya nyumba yako.

Sasa hesabu. Tuseme kaya inachoma kilo 2 za mkaa kwa siku. Kwa mwaka ni kilo 730. Mkaa hautoki mbinguni, unatoka kwenye kuni zilizochomwa tanuruni. Kwa makadirio yanayotumika sana kwenye miradi ya kaboni, kilo 1 ya mkaa inakula kilo 4 hadi 6 za kuni. Kwa viwango vya IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, kilo ya kuni ina megajuli 15.6, na kila megajuli inatoa gramu 112 za kaboni dioksidi, yaani kama kilo 1.75 kwa kila kilo ya kuni. Ukichukua 4, kaya hiyo ina tani 5.1 kwa mwaka. Ukichukua 6, ni tani 7.7. Methani ya tanuruni sijaigusa bado.

Wengi wanasimama hapo na kuandika kwenye video: "tunaokoa tani 7 kwa kila nyumba!" Jaji anayejua kazi yake atawauliza: je, mti uliokatwa umeota tena? Kama msitu unajirudisha, sehemu ya hiyo kaboni inarudi kwenye mti. Kinachohesabiwa ni ile sehemu ya kuni inayovunwa kuliko msitu unavyoweza kurudisha. Zamani miradi mingi ya majiko ilitumia zaidi ya 0.9, yaani karibu kuni zote. Baadaye mfumo wa Umoja wa Mataifa ukaweka 0.3 kama namba ya tahadhari. Sasa zidisha: tani 5.1 mara 0.3 ni tani 1.5, na tani 7.7 mara 0.9 ni tani 6.9. Kaya ileile, mkaa uleule, na majibu yanatofautiana zaidi ya mara nne.

Hili si la pembeni. Januari 2024 utafiti uliotoka kwenye jarida la Nature Sustainability ulikagua miradi ya majiko inayouza hati za kaboni (vyeti vya hewa ukaa iliyopunguzwa) na kukuta kwamba, kwa ujumla wa sampuli yao, hati zilizotolewa zilizidi upunguzaji halisi kwa karibu mara 9. Tangu hapo majaji wengi wamekuwa wakali, na mimi nawaunga mkono. Ukileta 6.9 bila maelezo, wameshakufunga. Ukileta "kati ya 1.5 na 6.9, sisi tunasimama kwenye 1.5, na hizi ndizo sababu", wanakusikiliza.

#3 Binti Ubungo

Asante mkuu, hii ni elimu kubwa. Mimi nasoma mwaka wa tatu, msimbo naandika, lakini kemia na misitu siijui. Mama yangu ni mama lishe, anapika maharage na makande kila siku kwa mkaa. Je, mtu kama mimi naingia kwa mlango gani? Na timu yenu nyie mlifanya nini hasa?

#4 Mpimaji

Dada, una kitu ambacho timu nyingi hazina: jiko linalowaka kila siku na mpishi atakayekuambia ukweli.

Sisi tuliingia kwa mlango wa LUKU, umeme wa kulipia kabla wa Tanzania. Angalia bei za umeme kabla ya kodi na tozo. Mteja mdogo wa kundi la D1 analipa Sh100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, na kila uniti inayozidi ni Sh350. Akizoea kuzidisha anahamishiwa kundi la T1, ambako kila uniti ni Sh292 kuanzia ya kwanza. Sasa chukua nyumba inayotumia uniti 40. Iambie ipike kila kitu kwa umeme, tuseme uniti 2 kwa siku kwa vyombo vyenye ufanisi. Itafika uniti 100. Bili ya Sh4,000 inakuwa Sh16,250 kama bado iko D1, na Sh29,200 ikihamishiwa T1. Huyo mama hata ukimpa jiko bure, mwezi wa pili atalirudisha juu ya kabati. Bado anaweza kuwa anaokoa fedha ukilinganisha na mkaa wa mwezi mzima, piga kwa bei ya mtaani kwako uone. Lakini mkaa anaununua kwa kopo, leo kopo, kesho kopo. Umeme unamtaka atoe hela ya mkupuo, na ule mruko wa bei unamtisha.

Kwa hiyo swali letu halikuwa "tumhamisheje apike kwa umeme". Lilikuwa: ni chakula gani akikihamisha ataokoa mkaa mwingi zaidi kwa uniti chache zaidi, bila kutoka ndani ya 75?

Jibu liko kwenye vyakula vizito. Presha kuka ya umeme inapika kwenye joto la juu ya nyuzi 100 kwa sababu ya mgandamizo, na imefunikwa kuzuia joto lisitoroke, kwa hiyo maji yakishachemka haili umeme mwingi. Nusu kilo ya maharage inaiva kwa chini ya nusu uniti. Kwa mkaa, maharage hayohayo yanakaa jikoni saa mbili, tatu. Ugali na chapati ni habari nyingine kabisa: haraka, moto wa wazi, mkono wa mpishi. Huko akiba ni ndogo na ugomvi ni mkubwa. Programu ya MECS, ya utafiti wa upishi kwa nishati safi, inayoongozwa na Chuo Kikuu cha Loughborough imefanya kazi nyingi ya aina hii Afrika Mashariki, na vitabu vyao vya mapishi ya umeme vinapatikana bure mtandaoni. Visome kabla ya kuingia shindanoni.

Kama maharage na makande yanapikwa mara 20 kwa mwezi, hiyo ni kama uniti 10. Nyumba ya uniti 40 inafika 50. Haijagusa mstari. Hicho ndicho tulichojenga: ukurasa mwepesi unaouliza uniti zako za mwezi uliopita na vyakula unavyopika, unakupa orodha ya cha kuhamisha kwanza na cha kuacha kwenye mkaa. Msimbo wa mistari michache sana. Tulifika fainali.

#5 Mzee wa Tanuru

Kijana umeandika vizuri, lakini nina ubishi. Nimefanya kazi ya misitu muda mrefu. Nyinyi wote wa kompyuta mnaanzia kwenye sufuria, wakati hasara kubwa iko porini. Tanuru la udongo la kawaida, mti unaingia kilo 100 mkaa unatoka kilo 10 hadi 20. Ukimfundisha mchomaji kukausha kuni, kupanga vizuri na kuweka bomba la moshi kama tanuru la Casamance la kule Senegal, anaweza kufika 25 hata 30. Kwa mkaa uleule umekata miti pungufu sana, na hujambughudhi mama yeyote mjini na bei ya LUKU.

Kilosa, mkoani Morogoro, kulikuwa na mradi wa mkaa endelevu, mashirika ya misitu TFCG na MJUMITA yakiwa ndani yake pamoja na TaTEDO, shirika la nishati, kwa fedha za Uswisi, kuanzia 2012. Vijiji vilitenga sehemu ya msitu wao, wakagawa vitalu, wanavuna kwa zamu na kuacha visiki vichipue. Ushuru ukabaki kijijini, ukajenga madarasa na zahanati. Hiyo ni teknolojia pia. Mbona sijaona hakathoni inayoizungumzia?

#6 Mpimaji

Mzee wangu, shikamoo. Hoja yako nzito na sitaipinga kwa maneno mepesi. Kwa tani tupu, tanuru linaweza kuishinda sufuria, na kile kigezo cha 4 hadi 6 nilichoandika juu ndipo mahali unapopasema wewe: ukikishusha kutoka 6 kwenda 4 umepunguza theluthi ya kuni bila kubadili jiko hata moja.

Nilisema sufuria kwa sababu ya aina ya shindano. Wiki tatu zinatosha kupima sufuria mara kadhaa. Tanuru moja linawaka siku nyingi, liko mbali, na mchomaji asiye na kibali hatafurahi kuona mtu na simu anahesabu magogo yake. Lakini kipo kipande cha tanuru kinachowezekana mtandaoni: ufuatiliaji wa vitalu kwa picha za satelaiti. Global Forest Watch ni bure, picha za Sentinel-2 ni bure na zinapita kila baada ya siku tano. Kijiji kinachovuna kwa zamu kinahitaji ushahidi kwamba kitalu cha miaka iliyopita kimerudi kijani. Ushahidi huo ndio unaojenga au kubomoa ile namba ya 0.3 au 0.9. Kama ungekubali kuwa mshauri wa timu ya vijana kwenye hilo, ningeiunga mkono kabla ya yangu.

#7 Nai_Koda

Nasoma nikiwa Nairobi. Kwetu umeme wa gridi ni wa mvuke wa ardhini Olkaria, maji, na upepo, pamoja na ule wa Turkana wa megawati 310. Asilimia kubwa sana ni jadidifu, kwa hiyo upande wa hewa ukaa presha kuka inashinda bila mjadala. Bei ndiyo shida, kama kwenu. Tangu Aprili 2023 kiwango cha bei nafuu kilishushwa kikawa uniti 30 kwa mwezi, zamani kilikuwa 100. Uniti 30 mtu anamaliza kwa taa, simu, TV na pasi.

Kitu kingine ambacho watu wa pwani hawakihisi: Nairobi iko juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kama nyuzi 94. Maharage kwenye sufuria wazi yanachelewa zaidi kuliko Dar. Presha inatusaidia sisi zaidi kuliko nyinyi. Kwa hiyo ukipima Kinondoni usichukue namba hiyo ukaipeleka Nairobi, Arusha au Mbeya kana kwamba ni moja.

Swali langu kwako: umeme wa Tanzania mlitumia kiwango gani cha hewa ukaa?

#8 Mpimaji

Hilo la mwinuko ni la maana sana, ndugu yangu, nalichukua.

Gridi ya Tanzania ni gesi asilia na maji kwa sehemu kubwa. Bwawa la Julius Nyerere lina mashine 9 za megawati 235, jumla megawati 2,115, na ya kwanza iliwashwa mapema 2024. Maana yake kiwango cha zamani, cha wakati gesi ilikuwa imebeba mzigo mkubwa, kimepitwa kadiri mashine za maji zilivyoingia. Tulitumia kilo 0.4 kwa uniti kwa makusudi, tukiegemea upande wa kujibana. Kwa kaya inayopika kila kitu, uniti 730 kwa mwaka zinatoa chini ya kilo 300. Hata hivyo ni ndogo ukilinganisha na tani 1.5 za upande wa mkaa, na hapo tumetumia namba ya chini kabisa ya mkaa na namba ya juu ya umeme. Fanya hivi kila mara: jitese wewe mwenyewe kabla jaji hajakutesa.

Takwimu za umeme za mwaka kwa kila nchi zipo kwenye tovuti ya shirika la Ember, zinapakuliwa bure. Kwa jua tumia PVGIS ya Umoja wa Ulaya, Afrika yote imo, au Global Solar Atlas ya Benki ya Dunia. Data ya gridi zetu saa kwa saa ni ngumu kupata. Ukichagua wazo linalotegemea data hiyo, hakikisha umeishika mkononi siku ya kwanza.

#9 Kijana wa Kampala

Ndugu zangu, Uganda walishalifanyia kazi hili la mruko wa bei. Mdhibiti wa umeme aliweka bei ya kupikia: mteja wa nyumbani akifika uniti ya 81 mpaka 150, bei ya uniti hizo inashuka badala ya kupanda. Yaani ukipika zaidi unalipa pungufu kwa kila uniti. Kwenu mstari wa 75 unamwadhibu anayeanza kupika, kwetu mstari wa 80 unamzawadia. Programu yenu ya "usivuke 75" ikiletwa Kampala inabidi igeuzwe juu chini, imwambie mtu vuka haraka!

#10 Mpimaji

Umenipa kitu kikubwa. Hilo linafaa kuwa mradi kamili: kikokotoo kimoja chenye bei za nchi zote, kinachomwonyesha mtunga sera nini kinatokea kwa familia ileile Dar, Nairobi na Kampala. EWURA, wadhibiti wa bei za umeme Tanzania, wakionyeshwa mchoro huo, na mamlaka za Nairobi pia, ni hoja kuliko maneno elfu. Kuna hakathoni zina kipengele cha sera, na ni wachache wanaoingia huko.

#11 Mwalimu Hisabati

Naomba mleta mada atueleze namna ya kupima, maana vijana wataandika "tulipima" bila kupima. Vifaa gani, mara ngapi?

#12 Mpimaji

Mwalimu, umegusa nilipotaka kufika.

Vifaa: mzani wa kidijitali wa jikoni, na kipima umeme cha kuchomeka kwenye soketi, chombo unachomeka humo na kinakusomea uniti zilizotumika. Basi. Kwa mlo mmoja mmoja, mpishi yuleyule apike chakula kilekile, kiasi kilekile, kwenye majiko mawili, angalau mara tatu kila jiko. Pima mkaa kabla. Baada ya chakula kuiva, zima na pima uliobaki, kwa sababu mkaa uliobaki si mkaa ulioungua. Andika kama maharage yalilowekwa usiku, maana kuloweka kunabadilisha kila kitu. Nani aamue yameiva? Mpishi, si saa.

Hicho ni kipimo cha mlo. Kipo kingine kigumu zaidi na cha ukweli zaidi: kupima kaya kwa siku tatu au zaidi, nishati zote, majiko yote, watu wote waliokula. Huko ndiko unakogundua kwamba aliyepewa presha kuka hakuacha mkaa. Anachanganya. Maharage kwenye umeme, chai kwenye gesi, ugali kwenye mkaa, na Jumapili ndugu wakija moto unawashwa uani. Watafiti wanajua hili miaka mingi, lakini mawasilisho ya hakathoni yanaendelea kuhesabu kana kwamba jiko jipya likiingia la zamani linatupwa. Mradi unaosema "tunatarajia apunguze sehemu tu ya mkaa, na hii hapa sehemu tuliyoipima" ninauheshimu kuliko unaoahidi nyumba isiyo na moshi.

Na tafadhali, mpishi alipwe. Mnamtumia muda, mkaa na chakula chake. Weka kwenye bajeti ya timu hata kama ni ya mfukoni.

#13 Makala243

Niko Goma. Sisi huku makala (mkaa) yanatoka pori la Virunga, na biashara hiyo inalisha watu wenye silaha. Umeme wa Virunga upo, kituo cha Matebe cha megawati 13 hivi, na watu wengi mjini walianza kupika na moto wa courant. Lakini tangu vita ifike mjini Januari 2025 hali ya kupata feza ni ngumu, banki zilifungwa. Mwataka niwaambie kitu? Kwa sisi kilo ya makala isiyochomwa haihesabiwi kwa kaboni tu. Sijui majaji wanaona hiyo.

#14 Mpimaji

Pole sana ndugu yangu wa Goma, na asante kwa kusema. Majaji wataliona kama utaliandika wazi, na usilifiche ndani ya tani. Weka kaboni mahali pake kwa namba ya tahadhari, kisha andika faida nyingine kwa jina lake: pori linalobaki, fedha isiyofika kwa wenye silaha, mapafu ya mama. Kuzichanganya zote kuwa namba moja kunazipunguzia nguvu zote. Na kwa usalama wako, kama unafanya kazi hiyo, usiweke majina ya wauzaji wala ramani za njia kwenye msimbo ulio wazi. Kila kitu kilichopo GitHub kinasomwa na yeyote.

#15 Nai_Koda

Waambie pia kuhusu saa za mwisho. Nimeona timu zikilala.

#16 Mpimaji

Kweli. Kwetu tuko saa tatu mbele ya UTC, saa za kimataifa. "11:59 PM UTC" ni saa 8:59 usiku wetu, kuamkia siku inayofuata. Mashindano mengi ya Devpost, tovuti ya kuendeshea hakathoni, yanafungwa saa 11 jioni ya pwani ya magharibi ya Marekani. Hiyo ni saa 9 usiku kwetu majira yao ya joto, na saa 10 usiku majira yao ya baridi. Ukiona "AoE" (Anywhere on Earth, yaani mpaka siku iishe kila mahali duniani), basi 11:59 PM yake ni saa 8:59 mchana wa siku inayofuata. Mtu mmoja kwenye timu awe na kazi hiyo tu: kuandika saa ya mwisho kwa saa za Kiswahili na kuituma kwenye grupu.

Video ipakiwe siku moja kabla. Kifurushi kinaisha, umeme unakatika, na faili la dakika tatu linakwama kwenye asilimia 90. Irekodi kwa ubora wa kawaida. Majaji wanasikiliza sauti kuliko wanavyoangalia picha, kwa hiyo funga dirisha, nunua maikrofoni ya bei rahisi. Anza na mpishi, si na nembo ya timu. Sekunde 20 za kwanza awepo mama, sufuria na mzani.

Msimbo uwe na leseni tangu siku ya kwanza, MIT au Apache 2.0. Mashindano mengine yanakataa kazi isiyo na leseni. Soma pia kanuni za haki miliki: wengine wanakuachia kazi yako yote, wengine wanachukua ruhusa ya kuitumia. Na kuhusu zawadi, soma namna ya malipo kabla ya kujisajili, si baada ya kushinda. Waandaaji wa Marekani huwa wanakudai fomu ya kodi ya W-8BEN, na jina lako kwenye pasipoti, akaunti ya benki na usajili lifanane herufi kwa herufi. Mkubaliane mapema kwa maandishi zawadi itagawanywaje. Urafiki mwingi umekufa hapo.

#17 Binti Ubungo

Nimeongea na mama usiku huu. Amekubali, ila amesema presha kuka hataiamini mpaka aonje mwenyewe. Nimeazima mzani kwa jirani. Kipima umeme nitanunua wiki ijayo Kariakoo. Nianze na nini wakati nasubiri?

#18 Mzee wa Tanuru

Binti anza na mkaa. Na muulize mama mkaa wake unatoka wapi, mti gani. Mkaa wa mti mgumu na wa mti laini hauungui sawa, hiyo nayo iandike. Mpimaji, nakubali ushauri wa timu ya vitalu. Nitafute inbox.

#19 Mpimaji

Mzee, asante sana, nakuja inbox sasa hivi.

Binti, fuata maneno ya mzee. Wiki hii pima mkaa tu, siku tatu mfululizo, bila kumwambia mama abadilishe chochote. Asubuhi pima gunia au ndoo yake, jioni pima tena, na andika amepika nini na sahani ngapi zimeuzwa. Sahani ndiyo kipimo chako cha kugawanya. Mama lishe ana bahati ambayo kaya haina: anajua idadi ya sahani kila siku kwa sababu ndiyo hela yake. Angalia pia mita yake iko kundi gani, kama anapikia nyumbani au kwenye kibanda chenye mita ya biashara, maana ule mstari wa 75 unaweza usimhusu kabisa na hesabu yote ya bei ikabadilika.

Ukipata siku tatu, weka jedwali hapahapa kwenye uzi. Safu ziwe tarehe, chakula, mkaa kabla, mkaa baada, sahani. Nai_Koda atakusaidia kuliingiza kwenye kikokotoo, na Kijana wa Kampala namwomba atuletee bei za kwao za sasa ili safu ya Uganda iwe tayari.